Mwalimu Asiyegusa Piano

Dada mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka huku ugenini. Natumaini magoti ya mama yamepoa na shemeji ameacha kukoroma. Mimi mzima, nala, nalala, naenda kazini. Mwandiko usinicheke, nitakueleza.

Unasema mama ameshashona gauni la kuja kwenye onyesho langu, na kila jirani ametangaziwa. Pole, najua masikio yako hayapumziki.

Hapa shuleni heshima ninayo, tena kibao. Wazazi wananiinukia vitini. Sababu ni kwamba tangu nianze kazi sijamwonyesha mwanafunzi wimbo kwa kuupiga. Nakaa pembeni, mikono mfukoni, namwambia ashushe bega, alegeze kiganja, arudie. Basi wakaamua kuwa hiyo ni mbinu! Mwalimu wa fidla naye kaiga, fidla yake kaifungia kabatini, na wanafunzi wake sasa wanapiga kama wanaokata mbao. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya watu, akasema nawaachia watoto sauti yao wenyewe. Kisha akatangaza kwamba mwezi ujao nitavunja mwiko, nitapiga mwenyewe. Tiketi zimekwisha.

Dada, haikuwa mbinu. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi. Ilianza kidole kidogo, sasa imefika kifundoni. Kwenye onyesho langu la mwisho nilisikia wimbo una matundu, nikatazama chini, nikaona vidole vinapita juu ya vitufe bila kuvibonyeza. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeharibika na haitapona. Nilimshukuru, nikachukua koti langu. Nilingoja machozi, hayakuja. Ndipo nikaomba ualimu.

Wiki iliyopita mfuniko wa piano uliniangukia mkononi. Aliyepiga ukelele ni mwanafunzi. Mimi nilikuwa bado namweleza habari za bega, mpaka nikaona damu kwenye vitufe vyeupe. Aliniuliza kama naumia. Nikamwambia siumii, na kweli siumii, akaanza kulia yeye. Siku hiyohiyo nikamweleza mkuu kila kitu. Akauliza kama hatuwezi kusema nina mafua. Nikakataa. Wanafunzi wangu ndio watakaopiga piano badala yangu.

Mama asiahirishe safari. Ila mwambie wewe, tafadhali, kabla hajapanda ndege. Nikimwambia mimi, kwa hii sauti yangu ya siku hizi isiyo na chumvi, atadhani sijali. Najali, dada. Sijui tu huko kujali kumejificha wapi.

Tutakaa naye safu ya mbele. Mkumbushe akae kushoto kwangu. Unamjua, muziki ukianza lazima amshike mtu mkono, nami nataka nisikie anaponishika.

Nisalimie shemeji na watoto, wala msisahau kumkanda mama magoti.

Ni mimi mdogo wako, niliyeandika kwa mkono wa kushoto,
yuleyule mliyemwita Vidole kwa kugongagonga meza.