Mama, Nimewaambia Ulivyojaza Ile Fomu

Mama,

Jana nilirudi Louisville kutoka mkutanoni Columbus. Nimekusema mbele ya watu. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Kina mama wa kanisani huko Buffalo uliwaambia mimi ni mwalimu. Mimi karani tu, Mama. Kila jimbo linatakiwa kutoa ripoti ya jinsi watoto wa elimu maalumu wanavyoendelea. Jimbo likikwama, ofisi yetu hulitafutia mtaalamu wa kulisaidia. Mimi napanga nani aende wapi na lini, nikiogopa kukosea hata saa ya simu.

Huko Columbus, jimbo moja lilijivunia majibu ya wazazi wakimbizi kwenye fomu ya maoni: karibu wote walisema shule inawashirikisha vizuri sana. Nikakukumbuka pale mezani nyumbani kwetu, mtaa wa Black Rock huko Buffalo, unajaza fomu kama hiyo ya shule anayosoma mdogo wangu Baraka. "Vizuri sana" kila mahali, hata walipouliza kama uliuelewa mpango wa masomo yake. Hukuuelewa. Mkalimani alikuwa sauti ya mbio kwenye simu, nawe uliitikia tu. Nilipokuuliza, ulinicheka kwa Kiswahili cha kwetu: "Bon, mwalimu utamusema mubaya namna gani? Njo ye iko na mutoto yetu muchana yote." Kisha ukamfungia mwalimu mandazi.

Pale mkutanoni niliogopa kusema, Mama. Kufukuzwa kazi, ndiyo, lakini zaidi niliogopa wakuone mwongo au mjinga, nawe hupo kujitetea. Ila tangu tukuzike, simu za shule zinakuja kwangu. Ndipo nilipojua kwamba masomo ya kumsaidia Baraka kuzungumza yalipunguzwa, na ulikubali bila kujua.

Nikanyoosha mkono. Nikasema mama yangu aliwaheshimu walimu kiasi kwamba hakuweza kuwapa alama mbaya.

Hakuna aliyecheka. Yule mwanamke aliyetusomea majibu ya wazazi akaniuliza, kwa upole, wangekuuliza vipi. Nikamwambia: mngekwenda nyumbani kwake, mle kwanza, halafu mumuulize anamtakia nini mtoto wake. Hapo msingemaliza kuandika.

Ripoti yao haijapelekwa. Wameomba mtu wa kuwasaidia kuwauliza wazazi upya, anayezijua nyumba kama yetu. Kumtafuta ni kazi yangu, na nimeshaanza.

Mwezi ujao nakuja Buffalo kwa mkutano wa shule kuhusu Baraka. Dada Neema, anayemlea sasa, anasema kitanda changu kipo. Mwalimu nitamsalimia kwa heshima kama ulivyotufundisha, lakini sitatia sahihi nisichokielewa, na nitaomba yale masomo yarudi.

Pumzika, Mama yangu mpenzi. Juzi kwenye simu Baraka alisema "Mama" wazi kabisa, halafu akanyamaza, akilitafuta neno la pili. Nakuahidi atalipata.

Mwanao,
Espérance