Mapota Hawapimwi

Jumatatu, 3 Februari

Maporomoko tena. Mara ya tatu tangu Ijumaa. Familia ya watu saba kutoka Thika, viatu vyeupe. Kushuka ngazi walicheka. Kupanda hawakucheka. Baba yao akauliza maji yana urefu gani. Ubao ulioandikwa urefu ulianguka mwaka juzi, na nadhani ulipikia mtu chai. Siku hizi ubao ni mimi. Nikamwambia. Akaandika kwa simu.

Mchana, pango la popo. Kazi ya huku chini ni rahisi. Watu wanataka picha, halafu wanataka choo.

Mlima ulionekana mpaka saa tatu, kisha ukajifunika. Hautaki mazoea.

Tangu Agosti sipandi. Kariuki, ndugu yangu mdogo, alikuwa pota. Aliwabebea wageni mizigo hadi kambi za juu kwa miaka kumi na mmoja. Alifia huko, na kiongozi wa safari hiyo nilikuwa mimi. Nimengoja kusikia kitu ndani. Sisikii. Nakula vizuri, nalala vizuri. Mke wangu ananitazama nikila.

Jumanne, 4 Februari

Wageni wapya. Mwalimu Mutua na mkewe, Madam Ndunge, wa Machakos. Wote wawili walistaafu ualimu, ila Mwalimu bado hajaambiwa. Ana daftari la mistari na kalamu nyekundu. Ameandika mahali pa kutembelea, moja hadi sita. Maporomoko, pango, kilima, kuvua samaki, mstari wa ikweta. Namba sita, kilele cha Lenana. Wakimaliza mahali anaweka alama ya vema.

Leo maporomoko na pango. Nilitaja ndege sita kwa jina. Nilijifunza kwa kitabu ambacho mgeni alisahau kwangu mwaka fulani na sikumkimbiza. Mwalimu akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia hapa hapa, nikisimama.

Jioni nikamwambia Bosi Wahome kwamba namba sita atafute mtu mwingine. Akasema wengine wote wako na wageni.

"Ama upande Ijumaa, ama uniachie beji," akasema. "Hao wazee wamelipia mlima. Siwezi kuwapeleka kuona popo mara ya pili."

Bila beji sina ruhusa ya kuongoza mtu hata hadi kwa maporomoko. Nikasema nitafikiria. Hakuna nilichofikiria. Nilitazama ukuta wa ofisi yake. Una kalenda ya mwaka jana.

Jumatano, 5 Februari

Kilima asubuhi, ikweta mchana. Mwalimu alisimama mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini, akauliza kama kuna tofauti. Madam akasema tofauti ni kwamba sasa anazuia njia. Vema mbili.

Bosi ametaja mapota watatu wa Ijumaa. Mmoja ni Ndirangu. Rafiki wa Kariuki tangu shule. Agosti mimi nilishika machela mbele, yeye nyuma.

Nimekubali kupanda. Sijui nilikubali saa ngapi. Nilijikuta nikipaka viatu mafuta.

Alhamisi, 6 Februari

Samaki. Madam alishika watatu. Mwalimu alishika jani, akasema maji ni machafu. Vema.

Nimefungua begi la mlima. Halikuwa limefunguliwa tangu Agosti. Soksi ya Kariuki moja, ngumu kama mkate wa juzi. Na kile kifaa cha kubana kidole. Ni kama kibanio cha nguo chenye taa. Unakibana, kinasoma hewa iliyo kwenye damu. Nambari ikishuka sana, mgeni anarudishwa chini, hata akilia.

Nimebadilisha betri. Kinafanya kazi.

Niandike basi, hakuna anayesoma hapa. Agosti nilipima wageni watano, asubuhi na jioni. Mapota sikupima. Mapota hawapimwi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, tunaijua tu. Ugonjwa wa mlima ni wa watu wanaokuja kwa ndege. Sisi tumezaliwa tukiutazama mlima wenyewe.

Kambi ya juu Kariuki akaniambia, "Kichwa kinanigonga kidogo." Nikamwambia, "Umekuwa mzungu lini?" Mapota wote wakacheka. Yeye pia alicheka. Nikampa tembe mbili. Asubuhi kifua chake kilikuwa na sauti ya chai inayochemka. Tulimshusha mbio. Kwenye matope sauti ikaisha.

Kifaa kilikuwa mfukoni mwangu wakati wote.

Mama, kule Giakanja, nilimwambia alikuwa mzima kabisa jioni ile na akaenda usingizini. Nikaongeza kwamba nilimkagua mwenyewe. Mama amewaambia akina mama wa kanisa. Wao wamewaambia wengine. Sasa eneo lote la Tetu linajua nilimkagua.

Ijumaa, 7 Februari

Geti. Mizigo ikapimwa kwa mizani, kilo kwa kilo. Mzigo wa Ndirangu ulizidi kidogo, ukapunguzwa. Nikawaza, mzigo tunaupima, aliyeubeba hapana. Nikawaza hivyo kisha nikaenda kujaza chupa maji.

Ndirangu alinisalimia kama kawaida. Ana mdomo. Alimwambia Mwalimu, "Mzee, ukichoka nitakubeba, lakini daftari utabeba mwenyewe." Anakohoa kidogo. Alisema ni vumbi.

Tulilala kambi ya kwanza, msituni. Jioni nikapima wageni. Madam tisini na tatu, Mwalimu tisini na moja. Mwalimu akasema kidole chake kilikuwa baridi. Nikarudia. Tisini. Akaniambia niache. Madam aliomba hiyo tisini iandikwe kwenye daftari.

Mapota walikuwa kwa moto wakila. Nilisimama na kifaa mkononi. Nikakirudisha mfukoni.

Jumamosi, 8 Februari, kambi ya kwanza tena

Leo ni ndefu.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Matope yako pale pale. Sikuwa na hakika ningepajua mahali penyewe. Nilipajua. Pana majani yale marefu na jiwe la kukalia. Ndirangu alikuwa mbele yangu. Hakugeuka, lakini alitua mzigo, akaufunga upya kamba ambayo haikuwa imelegea. Nilingoja. Tukaendelea. Sikusikia kitu.

Kambi ya juu saa nane. Jua kali, upepo baridi, barafu iliyobaki inaonekana kama sahani iliyosahauliwa nje. Mwalimu akafungua kalamu nyekundu akiwa bado anahema. Nikamwambia namba sita bado, ni kesho asubuhi.

Nikapima wageni. Themanini na nne, themanini na mbili. Ni sawa kwa pale juu. Kisha nikaenda jikoni, nikawaambia mapota watoe vidole.

Kelele.

"Ati nini?"

"Mwambie Bosi anipe na pasipoti."

"Pima sufuria, ndiyo imechoka."

Nikapima wa kwanza, themanini na saba. Wa pili, themanini na tano. Ndirangu akaficha mikono kwapani. "Mimi nilizaliwa kule chini ya huo mlima," akasema. "Unanipima kwani nimekuja na ndege?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kile cha Agosti. Sikucheka. Nikanyoosha mkono tu, nikakaa hivyo mpaka kicheko kikaisha na ikawa aibu. Akatoa kidole.

Sitini na tatu.

Nikajaribu kidole kingine. Sitini na nne.

"Kichwa?" nikamwuliza.

"Kidogo tu."

Nikasema tunashuka. Wote, sasa hivi. Kiongozi ni mimi peke yangu, siwezi kugawanyika. Ndirangu akasema yeye haendi popote, anapika. Akasimama ili aonyeshe, akayumba, akashika mti wa hema. Wenzake wakaanza kufunga sufuria.

Mwalimu alisema mengi. Ati amefanya mazoezi tangu Juni. Ati sitini na tatu ya mtu mwingine haihusiani na Lenana yake yeye. Kwamba atamwandikia Bosi, na ataandika kwa ukamilifu. Nikamwambia ofisi ya Bosi inafunguliwa saa mbili. Madam alikuwa ameshafunga begi lake. Akamwambia, "Mutua, mlima umekaa hapo tangu kabla hujazaliwa. Vaa kofia."

Nilibeba mzigo wa Ndirangu juu ya wangu. Kwenye jiwe la matope alitaka kukaa. Sikumruhusu. Nilimsukuma mgongoni kama ng'ombe. Tuliingia kambi ya kwanza kabla ya giza. Nikampima. Themanini na tano. Akala ugali wake na nusu ya wangu.



Jumapili, 9 Februari

Ndirangu themanini na tisa. Asubuhi alikuja nilipokuwa nafunga hema.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema. "Sasa nani atanipa mzigo? Watasema Ndirangu wa siku hizi hawezi."

Nikasema ndiyo, watasema.

"Si ungeniambia pole pole?"

"Kariuki nilienda naye pole pole."

Akachukua mzigo wake kutoka mkononi mwangu, akaubeba mwenyewe mpaka getini.

Pale getini Mwalimu alifungua daftari. Namba sita hakuiwekea vema wala kosa. Aliifunika kidogo kwa kidole, akalifunga. Kisha akaniuliza kama kuna maporomoko mengine karibu na njia. Yapo. Nikawapeleka. Akaniuliza urefu.

Jioni nikampelekea Bosi beji kabla hajaiomba. Akaitia kwa droo. Akasema tutaongea. Nikatoka. Kifaa cha kidole ni cha ofisi, lakini hakukitaja na mimi sikukumbuka. Tuseme hivyo.

Jumanne, 11 Februari

Nilipalilia. Hakuna cha kuandika.

Jumatano, 12 Februari

Giakanja. Mama alikuwa nje ya jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Ndirangu alipita huko jana, alikuwa anatafuta mbegu ya viazi, akamweleza yote ya Jumamosi. Huyo mdomo.

Mama akasema nimletee hicho kitu akione. Nikamwonyesha. Akanipa kidole, hiki cha shahada, chenye alama ya kisu. Nikakibana.

Tisini na sita.

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri."

Akakitazama kikiwaka. Kuku akaja kwenye ungo, akamfukuza kwa mguu.

"Na Kariuki kilisema ngapi?"

Nilikuwa na nambari tayari. Tisini. Nilikuwa nimeiandaa tangu Agosti, kama angeniuliza.

"Sikumpima, Mama. Aliniambia kichwa kinauma. Nikamcheka."

Hakulia. Aliendelea kuchambua kwa mkono mmoja. Ule wenye kifaa aliuacha juu ya goti. Mawe madogo alikuwa anatupa kushoto, moja moja. Nilihesabu tisa.

Kisha akakitoa, akashika mkono wangu, akakibana kwa kidole changu. Alikibana vibaya, juu chini. Akakigeuza. Hakuwa na miwani, kwa hivyo ilibidi nisome mwenyewe.

Tisini na tano.

Akasema, "Haya." Akanisogezea upande wa ungo ambao haujachambuliwa.