Kibanio cha Baba kwenye Choki

Atlabara, Juba
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na Mama. Mmeamkaje huko Fort Portal? Kifua cha Mama kimepoa? Na mahindi ya nyuma ya nyumba, nyani wamewaachia hata kidogo? Sisi tuko hai. Mjukuu wako Poni anaota meno, kwa hiyo mimi silali, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue yuko mapajani, ananivuta kalamu.

Baba, nataka kukupa habari za gari, na nakuomba uzisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Gari lile ulilotuunganishia kutoka magari mawili yaliyokufa ndilo linalotulisha. Meli zikifika, mume wangu hubeba watu na mizigo kutoka gatini mpaka sokoni. Lakini tangu kiangazi kianze limekuwa na tabia mbaya. Asubuhi linakohoa na kukataa. Likishawaka, Wani akilizima saa sita ili apakie mizigo, haliwaki tena mpaka lisukumwe. Nimesukuma, Baba, mtoto mgongoni, na wanawake wa kisimani wananipigia makofi: "Keji, umeolewa na Wani au na gari?" Na petroli! Galoni zilizokuwa zikitupeleka Rejaf na kuturudisha, sasa zinaishia njiani. Nyuma kuna moshi mweusi kama tunachoma matairi.

Hapo ndipo Wani alipoanza kumtazama kaka yake. Unamkumbuka Lado, yule mkubwa wake aliyetoka msituni amani ilipokuja. Anakaa nasi, na usiku analala mkekani kando ya gari ili kulilinda. Petroli huku ni shida. Kuna wiki unaambiwa mafi, hakuna kabisa, na watu wanaiuza kwa chupa. Basi siku moja tukiwa kwenye chakula, Wani akasema, "Petroli haina miguu. Nani analala karibu na tangi?"

Lado akaurudisha mkono wake kabla haujafika sahanini. "Mdogo wangu," akasema, "gari yako inakunywa kunishinda mimi, na mimi unanijua." Akacheka, lakini alicheka peke yake. Asubuhi akakunja mkeka. Nilimfuata mpaka njiani. Akaniambia, "Malesh, shemeji, samahani, usilie. Mimi sikutoka msituni nije kuitwa mwizi nyumbani." Akaenda kukaa kwa rafiki yake upande wa Konyo Konyo.

Mimi nilijua Lado hawezi kufanya hivyo. Ndiye anayembeba Poni nikipika, ndiye anayemtafunia nyama. Lakini kujua si kuonyesha. Nikasubiri. Lado ameondoka, na petroli bado inakwisha! Wani akasema labda ni jirani. Nikachukua fimbo nyembamba, jioni nikaitumbukiza ndani ya tangi mbele ya macho yake, nikachora alama mahali ilipolowa. Asubuhi tukatumbukiza tena. Palepale. Siku tatu, palepale. Nikamwambia, "Baba Poni, hakuna mtu anayekuja usiku. Gari linakunywa lenyewe mchana, wewe ukiwa umeshika usukani."

Nikafungua plagi za injini. Zote nne zilikuwa nyeusi, zimelowa, zina masizi kama chungu. Nikakumbuka Jumamosi zile nilipokuwa nakuoshea plagi gereji, ukiniambia: ya kahawia inakula vizuri, nyeupe ina njaa, nyeusi imelishwa mpaka inatapika. Nikajiuliza, nani anailisha hivi? Nikaenda kutazama choki, ile uliyonifundisha kwamba huibana injini hewa ili iwake kwenye baridi.

Baba, ni kile kibanio cha nguo cha Mama. Ulikibana wewe mwenyewe siku ile tunaondoka, kwa sababu choki ilikuwa inarudi ndani, na asubuhi za huko zina baridi ya mlimani. Ulimwambia Wani hiyo ndiyo dawa ya gari hili. Basi hajakigusa tangu siku hiyo. Choki imevutwa asubuhi, mchana, jioni, katika jua hili la Juba linaloweza kuivisha yai. Injini inanyimwa hewa na kunyweshwa petroli, kutwa.

"Hiki kinatoka," nikasema.

"Keji, acha. Baba yako alikiweka kwa mkono wake. Mimi ni nani nikitoe?"

"Wewe ni mkwe, ogopa. Mimi ni mtoto wake, ameshanichapa, nimezoea."

Nikakitoa. Waya ulikuwa umekwama kwa kutu, nikautia tone la oili, nikauvuta na kuusukuma mpaka ukalainika. Plagi nikazisugua, nikazianika. Nikamwambia asikanyagekanyage pedali ya petroli, awashe tu. Likawaka mara moja. Wani akacheka kama mtoto, akataka kukimbilia gatini kuchukua abiria.

"Abiria wa kwanza yuko Konyo Konyo," nikamwambia. "Bila yeye sipiki."

"Nitamwambia nini?"

"Ulipomshuku ulipata maneno. Yatafute na sasa."

Tulimkuta Lado anashona kiatu chake. Wani akazima injini mbele yake, jua la saa nane, kisha akawasha. Ikawaka. Akashuka. Akasema, "Kaka, nimekukosea. Hapakuwa na mtu. Ilikuwa gari."

Lado akaivuta sindano mpaka uzi ukakaza. Kisha akauliza, "Nani amejua?"

"Keji."

"Kalas, basi. Keji atengeneze, wewe usukume." Akauchukua mkeka wake, akakaa kiti cha mbele kama mkubwa. Mimi na Poni tukakaa nyuma juu ya magunia, wala sikuona taabu.

Baba, sikulaumu. Kile kibanio kilikuwa dawa ya huko. Sasa kinabana nepi za Poni. Lakini Wani bado ana hofu, kila asubuhi anaitazama choki kama aliyekuibia. Mwandikie mistari miwili kwa mkono wako kwamba umeruhusu. Atakuamini kuliko mimi.

Msalimie mdogo wangu aliye shuleni, asiache hesabu. Msalimie mjomba muuza samaki, na yule jirani mwenye cherehani aliyenishonea gauni la harusi. Lado anakusalimu sana. Anasema siku ukifika atakupisha kiti cha mbele.

Na ufike kweli, Baba. Huku asubuhi haina baridi. Hata magoti yako yangewaka yenyewe, bila kusukumwa.

Mwanao anayewaza habari zenu kila siku,

Keji, mama Poni