D Plus Yangu kwa Skrini

Tecla, nimekasirika sana.

Lecturer ameweka slip yangu ya matokeo ya KCSE, ule mtihani wa form four, kwa skrini, darasa lote la online likiona. Watu arobaini! Eti, "Gesare, mtu wa D plus anapataje themanini na tisa? Nani anakufanyia mtihani?"

Nani anakufanyia! Aliniuliza hivyo, Tecla!

Hajui mimi husikiliza rekodi za masomo na earphone nikichuma majani chai, kila somo mara nne. Huko form four mwalimu alikuwa anasema kitu mara moja tu, ukikosa kushika ni shauri yako.

Na Kipkirui wa A minus, tulianza na yeye, si aliacha kozi mwezi wa pili? Huyo hakuna mtu alimuuliza kitu.

Nikamwambia aniulize swali lolote, sasa hivi, kamera ikiwa on. Akauliza matano. Nikajibu yote.

Halafu akasema eti netiweki yake inasumbua, akatoka. Hata pole hakuna.

Netiweki yake! Yeye yuko Nairobi kwa ofisi. Mimi niko hapa Kaplong katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, na nilimsikia kila neno.