Kuita Bila Kuagiza

Jumatatu, 30 Oktoba 2023

Hilkka,

Nimeharibu. Usicheke kwanza.

Loukola alinikamata ngazini juzi. Bado ni mwenyekiti wa jengo, bado anavaa tai kwenda kutupa taka. Alisema watu wapya wa namba 15 wanauliza zamu yao ya kuoga mvuke saunani, na orodha ya mlangoni imekunjamana kwa mvuke, haisomeki. Je, naweza kuchapa nyingine? Nikamwambia hakuna shida bwana, kompyuta ya Hilkka ipo. Nilisema kama mtu anayejua.

Leo asubuhi nikakaa kwenye kiti chako. Katika daftari lako la jikoni kuna jina la ile programu tu, Vuoro, yaani zamu, limepigiwa mstari mara mbili. Baada ya jina kunafuata nini — hukuandika. Nikawaza: nitaiita kwa jina, nayo itaniuliza nataka nini. Si ndivyo watu wanavyofanya? Nikaandika vuoro kwa kidole kimoja. Nikabonyeza.

Haikuniuliza! Ilinyamaza kidogo, halafu printa ikaamka. Ikatoka orodha nzima ya zamu za wiki, nyumba zote ishirini na mbili, zimechanganywa upya kama karata. Na kwenye skrini, chini: Imekamilika. Imetumwa kwa wakazi wote.

Wote, Hilkka. Kwa barua pepe.

Ile ya zamani nilishaibandua mlangoni jana na kuitupa kwenye pipa la karatasi. Nilitaka kuonekana mtu wa kujituma. Gari la taka limepita saa mbili asubuhi.

Nimechemsha kahawa. Siinywi.


Jumanne, 31 Oktoba

Simu tangu saa moja. Mama Kettunen wa namba 3, mwenye Jumamosi saa kumi na moja tangu enzi na enzi, amepewa Jumatatu saa tisa mchana. "Nioge saa tisa, Tauno? Kama mgonjwa?" Jumamosi yake imekwenda kwa wale wapya wa namba 15. Wao wamefurahi, wameniletea keki. Loukola mwenyewe kapata Jumatano saa tatu usiku. Yeye hulala saa mbili. Hapo nilicheka kidogo, nikiwa ndani, mlango umefungwa.

Adhuhuri akaja na karatasi mkononi. Hakuketi. Akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Wote tumehama," akasema. "Mmoja tu hajahama. Namba 7, wewe. Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kama mwaka jana, kama mwaka juzi."

"Bahati," nikasema.

"Bahati gani hii inayojua anwani?"

Mimi nami nilidhani ni bahati.

Amesema mkutano wa wakazi ni Alhamisi ya wiki ijayo, na ataleta hoja: Vuoro itupwe, tujiunge na huduma ya simu. Kila mtu abonyeze siku anayotaka, anayewahi ndiye anayepata. Hakuna tena zamu ya mtu. Vidole vyangu unavijua. Miaka arobaini ya kubandika vigae. Nikimaliza kuifungua hiyo simu, watu watakuwa wamekwisha kuoga na kukauka.

Jamu yako iliisha Agosti. Soksi ulizonifumia zimetoboka visigino vyote viwili. Vuoro ndiyo kitu chako pekee ambacho bado kinafanya kazi — na mimi ndiye niliyekiponza.


Ijumaa, 3 Novemba

Nilishuka sauna saa kumi na mbili kama mwizi. Nikamwaga maji juu ya mawe ya moto, kata moja yangu, moja yako. Yako daima ilikuwa kubwa zaidi. Nikatoka mapema, masikio yanaungua.

Baadaye akaja Iida wa namba 11, yule anayefanya kazi ya kompyuta. Alikuwa na mikate ya mdalasini. Akavuta kigoda chako cha kando ya simu, akakaa mbele ya skrini.

"Uliandika nini hasa, mzee wangu?"

"Jina."

"Jina tu?"

"Jina tu. Kwa heshima."

Alicheka mpaka akaweka mkate chini. Akaniambia kazini kwao watu wazima wanagombana juu ya hili hili, hadi wanaacha kula pamoja. Programu ikiitwa jina tupu, bila neno la pili, ifanye nini? Wapo wanaosema inyamaze na kungoja. Wapo wanaosema itoe maelezo mafupi ya namna ya kuitumia. Yeye anasema ioneshe ilichonacho, iseme jinsi ya kuombwa zaidi, na isiguse kitu.

"Nikikuita ngazini," akasema, "'Mzee Tauno!', halafu nisiseme neno — utafanya nini? Utaingia kwangu uanze kubomoa vigae vya bafu?"

"Inategemea vigae vyenyewe vikoje."

"Vibaya."

"Basi huenda ningebomoa."

Nikamuuliza mbona Vuoro yako ilikimbilia kuchanganya. Akasema anadhani mwaka 1989, ulipoiandika, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake peke yake. Mara moja kwa mwaka, zamu zinachanganywa, basi. Baadaye watu wakazizoea siku zao, wakakataa kuhamishwa, ukaongeza barua pepe na maneno mengine: onesha, badili, chapa. Ile kazi ya kwanza ukaiacha pale pale, juu ya jina tupu. Hakuna aliyeiita ila wewe, na wewe hukusahau neno la pili hata siku moja.

Amechukua nakala ya maandishi yako ya programu akayasome. Nimempa pia daftari la jikoni. Kisha nikamfuata ngazini nikalichukua tena. Lina mapishi.


Jumamosi, 4 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote. Nimekupelekea mshumaa. Upepo ukauzima mara mbili, nikauwasha mara tatu. Makaburi yote yanawaka, theluji haijaamua kama ni theluji au mvua. Loukola alikuwa kwa mkewe, safu ya pili. Tukainamishiana vichwa. Makaburini hatuna ugomvi.

Nilikuwa nawaza maneno ya Iida. Utafanya nini ukiitwa tu?

Ilikuwa Februari, hospitalini, kitanda cha dirishani. Uliniita, "Tauno." Nikakuinulia mto. "Tauno." Nikakuletea sharubati. "Tauno." Nikafungua dirisha, nikafunga dirisha, nikaenda kumtafuta muuguzi, nikarudi na blanketi ambalo hukulitaka. Ukanitazama. Ukasema: "Sijakuagiza kitu, Tauno. Nimekuita tu."

Nikakaa. Lakini nilikaa nimeshika gilasi.


Jumatatu, 6 Novemba

Iida kaja bila mkate wowote. Nikajua kuna jambo.

Habari njema kwanza. Orodha ya zamani haijapotea. Kila mara kabla ya kuchanganya, Vuoro ilikuwa inaweka ya zamani pembeni, na tarehe yake. Zipo zote tangu mwanzo. Mama Kettunen atapata Jumamosi yake.

Halafu akanionesha mstari mmoja. Nikavaa miwani. Sikuelewa, akanisomea kwa lugha ya watu: kabla ya kuchanganya, itoe namba 7, ipe Ijumaa saa kumi na mbili, kisha changanya waliobaki. Na pembeni umeandika, si kwa ajili ya mashine: Mgongo wa T. Usiguse.

Wewe!

Wewe uliyevuka mji mzima kurudisha kalamu ya benki! Wewe uliyeninunia siku mbili kwa sababu nilichuma uyoga upande wa pili wa mpaka wa jirani! Miaka thelathini na minne umewaibia watu ishirini na mmoja siku ya Ijumaa, ukakutana nao ngazini, ukawauliza hali za watoto. Na mimi kazini nilikuwa najisifu. Nawaambia mafundi wenzangu: mimi nina bahati, kila Ijumaa nashuka kwenye vigae vya watu, naingia moja kwa moja kwenye mvuke. Bahati!

Nilicheka, Hilkka. Iida akaniletea karatasi ya jikoni nijifute.

Akasema: "Naweza kuufuta huu mstari sasa hivi, mzee wangu. Hakuna atakayejua. Au Alhamisi tuseme. Amua wewe, mimi sitasema."

Nilimwambia aufute. La pili, la kusema Alhamisi, nikamwambia nitafikiri.


Jumanne, 7 Novemba

Nafikiri. Mgongo unauma, kana kwamba umesikia unatajwa.


Jumatano, 8 Novemba

Iida amemaliza. Orodha ya zamani imerudi ndani, ile ile. Sasa Vuoro ikiitwa jina tupu inaonesha orodha na haigusi kitu. Chini yake ameacha nafasi ya mistari michache, kwa mtu ambaye ameita na hajui aseme nini. Anataka niiandike mimi.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi najua. Anayejua huandika vibaya."

Nimechana karatasi nne. Ya kwanza nilianza, Karibu sana, ndugu mkazi mpendwa. Iida akasema, "Mzee, huu ni mwaliko wa harusi." Ya pili ilikuwa ndefu, inawakaribisha wote kahawa. Ya tatu na ya nne sizisemi.

Ya tano ni hii:

Mimi ni Vuoro. Umeniita, nipo. Hii ndiyo orodha ilivyo leo. Sijagusa kitu.
Ukitaka kubadili zamu, andika badili baada ya jina langu. Ukitaka kuchanganya zote, andika changanya, nami nitakuuliza mara mbili.
Namba 7 ilipendelewa tangu 1989 hadi 2023. Ilikuwa kwa ajili ya mgongo.
Aliyenitengeneza ni Hilkka.

Iida akasoma. Akafika mstari wa tatu, akaweka kidole juu yake.

"Huu si wa maelezo ya matumizi."

"Ni maelezo," nikasema.

"Loukola atautumia kukumaliza."

"Najua. Lakini nikiuficha, kila Ijumaa nitaoga kama ile Ijumaa iliyopita. Nusu ya mvuke, masikio yanaungua."

Ameuweka. Kabla ya kuondoka akaniuliza kama wewe ungekubali. Nikamwambia ungenuna siku mbili.


Alhamisi, 9 Novemba

Chumba cha mikutano, kando ya mashine za kufulia. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nimekaa nyuma, daftari juu ya goti. Kahawa ipo, keki ya watu wa namba 15 ipo. Mama Kettunen ameshika karatasi yenye Jumamosi yake kama cheti cha ubatizo.

Loukola kavaa tai, ya bluu. Iida ameleta kompyuta yako, picha inaonekana ukutani, kubwa, weusi mtupu na kile kijistari kinachopepesa. Utaratibu ni huu: mimi nitaiita Vuoro mbele ya wote, jina tu, waone haidhuru mtu. Kisha Loukola ataeleza ile huduma ya simu. Kisha mikono juu. Nimehesabu nyuso mara tatu — siwezi kusema itaangukia wapi. Na hawajausoma mstari wa tatu. Watausoma ukutani, kila herufi ukubwa wa mkono.

Nilitaka kusimama nikiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimejaribu bafuni asubuhi. Sauti haikufika mwisho. Acha Vuoro iseme, ulivyoifundisha kusema kila kitu bila kuulizwa.

Mashine ya kufulia imemaliza, inalia. Hakuna anayeinuka.

"Tauno!"

Ni Loukola. Jina tu, hakuongeza neno. Wote wamegeuka. Sijui anataka nini — kompyuta, aibu yangu, au sukari. Mkono wangu umekwisha kuanza kutafuta kitu cha kumpelekea. Nimeurudisha. Nakwenda kusimama karibu yake, basi, mikono mitupu, kama ilivyonipasa kuwa kando yako Februari.

Hilkka, kesho ni Ijumaa. Wakininyang'anya saa kumi na mbili, nikumbuke saa yoyote watakayonipa.