Kibodi ya Kelele na Kibodi ya Kimya

Jumamosi, 4 Desemba 1999

Mjomba Optatus kanipa kazi ya ajabu. Amerudi kutoka Dar na kibodi mpya kwa ajili ya kompyuta ya dukani kwake, pale Majengo. Sasa kibodi ziko mbili na kompyuta moja! Moja itabaki, nyingine anaitaka Batholomeo, karani wa parokia.

"Wewe ndiye msomi wetu," akasema, tena mbele ya wateja. "Mchana watoto wanacheza gemu, jioni watu wanataipiwa barua zao. Zijaribu zote kwa yote mawili, kisha uniambie ipi ibaki." Nikaangalia sakafu. Nikasema sawa, mjomba.

Ile ya zamani ni ya mtumba. Nzito kama tofali, vitufe virefu, kila ukibonyeza inalia ta! na kukurudisha kidole. Mpya ni nyepesi, laini, kimya kabisa.

Mama akapita akitoka sokoni, akakaa kwenye ile ya zamani. Jamani! Macho kwenye karatasi, vidole vinakimbia wenyewe, kelele mpaka barabarani. Kama taipureta yake ya ofisini. Akamaliza ukurasa bila kosa, akacheka! Hajacheka tangu watangaze kwamba Jumanne ya tarehe 14 mataipisti wote wa ofisi yao watapimwa kwenye kompyuta. Watakaoshindwa watapunguzwa. Baba yake Shakila alipunguzwa mwaka jana, sasa anauza mkaa. Na sisi nyumbani mshahara ni wa mama tu.

Jumatatu, 6 Desemba

Leo zamu ya gemu. Nimecheza mbio za magari na Shakila, kibodi moja watu wawili. Yeye herufi za kushoto, mimi mishale ya kulia. Kwenye ile ya kelele gari langu limegoma kukata kona! Nabonyeza, halisikii, naingia ukutani. Mara ya kwanza nikadhani ni mimi. Kumbe Shakila akishikilia vitufe viwili pamoja, changu cha tatu hakihesabiwi.

"Shoga, sema umeshindwa tu," Shakila kaniambia. "Mara kibodi, mara umeme. Kesho utasema jua."

Tukabadili, tukaweka ile laini. Nikamshinda vizuri sana.

Kwa hiyo kwa gemu ile ya zamani haifai. Ni kweli na naijua. Lakini nikisema, mjomba ataiuza, na mama anaitumia kufanyia mazoezi kila jioni. Mjomba kaniuliza vipi. Nikasema bado naichunguza.

Jumanne, 7 Desemba

Nimemwomba mama ajaribu na ile laini, nipate cha kuandika kwenye hukumu yangu. Vibaya! Haisikii ikigonga, basi anaikandamiza kwa nguvu zote, na kidole kinakaa pale pale. Kwenye taipureta ukishikilia herufi inatoka moja tu. Hapa zinamwagika. *Kwaaaaako Mkuuuuu*. Akashtuka, akaanza kufuta, akafuta na mstari wa juu.

"Hii ni kama kubonyeza ugali," akasema. "Niwekee yangu."

Yangu! Nikamwekea.

Batholomeo alikuwepo, akasema ameambiwa ikifika mwaka elfu mbili kompyuta zote zitakufa. Mama akamjibu, "Zingejitahidi zife kabla ya Jumanne ijayo." Duka zima likacheka. Mimi pia, lakini kidogo.

Alhamisi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, na mimi sina uhuru wowote. Asubuhi mama kaenda kusaga, akaja Anti Domitila, wa ofisini kwao. Shikamoo yangu haijaisha kinywani ameshaanza kusema. Jana jioni kompyuta mpya zimeshushwa ofisini, mama alikuwa ameshaondoka. Zimefungiwa chumbani mpaka siku ya mtihani. Kibodi zake kazishika kwa mikono yake. Laini! Hazina sauti hata moja.

"Mwambie mama yako azoee hizo. Mimi naondoka sasa hivi, tuna msiba kijijini Busi, narudi Jumatatu. Usisahau, mwanangu."

Sijasahau. Nimeshindwa tu. Mama karudi na unga mabegani, anaimba wimbo wa kwaya, ananiambia, "Nikiwahi kumaliza Jumanne tutakula samaki wa Mtera, wale wakubwa." Nikafungua mdomo. Nikasema nitachota maji.

Ijumaa, 10 Desemba

Bado sijasema. Mama kataipu kurasa nyingi leo kwenye ile ya kelele. Kila ta! naisikia kifuani. Kwa nini darasani naweza kuandika insha nzima kwa lugha mbili na nyumbani siwezi sentensi moja?

Jumamosi, 11 Desemba

Nimefanya jambo. Sijui kama ni baya.

Asubuhi nimempa mjomba hukumu. Nimemwambia kwa gemu ile ya zamani haifai, wachezaji wawili inawanyima, abaki na hii laini. Sikusema uongo. Nikafikiri: ikiondoka, mama atalazimika kuzoea laini, na mimi sitahitaji kusema neno. Mjomba akafurahi, kumbe kelele zilikuwa zinamchosha. Batholomeo akaja na baiskeli, akaifunga nyuma kwa mpira, akaondoka nayo.

Jioni mama kaingia na karatasi zake. Akatazama meza. "Iko wapi?"

"Imeuzwa, dada," mjomba akasema. "Mtaalamu wako ameamua. Haifai kwa gemu."

Mama akanigeukia. "Kwa gemu?" Taratibu hivyo. Afadhali angepiga kelele. Shakila alikuwa anasubiri zamu ya kucheza, akatoka nje kimya kimya.

Ndipo nikasema yote. Domitila, kompyuta, kibodi laini. Nilisema nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

"Domitila alikuja lini?"

"Alhamisi."

"Na leo ni lini?"

"Jumamosi."

"Kwa hiyo siku zote hizi mimi ndiye niliyekuwa nacheza," mama akasema. Akavuta kiti, akakaa kwenye ile laini. Hakuniambia nikae wala niondoke.

Jumatatu, 13 Desemba

Jana baada ya ibada mjomba katufungulia duka, na leo tena jioni. Nasimama nyuma ya mama. Kidole kikichelewa juu ya kitufe nasema, "Achia!" Achia, achia, achia. Mwishowe akaniambia, "Usiniswage kama ng'ombe wa Mgogo!" Shakila alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema tusimchekeshe, ana saumu, nguvu hana. Mama akacheka pia, nusu. Ni mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Lakini haendi kasi. Akiandika mistari mitatu safi, wa nne unamwagika. Akitazama kioo cha kompyuta anapoteza mahali kwenye karatasi. Akitazama karatasi hajui kama herufi imeingia.

Nimemuuliza kama amenikasirikia. Kasema, "Kesho usije." Kisha wakati wa kula kasema, "Uje. Ukae nje."

Jumanne, 14 Desemba

Niko kwenye benchi, varanda ya ofisi yao. Wameingia wote, mlango umefungwa. Zamani ukipita hapa ulisikia chumba cha mataipisti tangu getini, kama mvua ya mawe kwenye bati. Leo kimya. Nimeweka sikio ukutani — hamna!

Anti Domitila katoka sasa hivi. Analia. Kioo chake kilijaa herufi moja tupu, kabla hajajua afanye nini wakamwambia muda wake umekwisha. Nimempa leso yangu. Nilitaka kumuuliza habari za mama nikaona aibu, mwenzangu ana yake.

Ameuacha mlango wazi. Namwona mama kwa mgongo, safu ya mbele. Mikono siioni, kiti kimeificha. Mama akitaipu vizuri mabega hayatikisiki kabisa, yanatulia kama ya mtu anayesali. Sasa hivi yametulia.

Lakini yanatulia hivyo hivyo na mtu asipoandika chochote.

Msimamizi anakuja kufunga mlango. Nanyoosha shingo nisikie hata kidogo, na hakuna cha kusikia.