Nilikosa

Jumapili, 2 Machi

Nimetafsiri kama kawaida. Mchungaji anahubiri Kinyarwanda, mimi nimesimama kushoto kwake, nawapa Kiswahili wale tuliokulia ng'ambo, Bukavu, Congo. Ana tabia ya kumeza sentensi nne kwa pumzi moja, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye nachelewesha ibada. Sikuacha hata neno moja. Najisifu, najua. Lakini hapa Nkanka, upande wa Rwanda, hakuna anayeiweza kazi hii kama mimi.

Kanisa bado lina huzuni ya kumpoteza bibi yetu mgonjwa, Mukecuru Esteri. Wanawake wetu walikuwa wanapokezana kumwuguza, kila mmoja siku yake. Jumamosi ya tarehe 22 ilikuwa zamu ya Maman Zawadi. Bibi wa watu akakutwa amekufa peke yake, kikombe cha maji kimeanguka chini. Jumanne baraza la wazee litamwita Maman Zawadi.

Jumanne, 4 Machi

Baraza. Maman Zawadi amerudi kutoka Congo mwaka jana tu, Kinyarwanda chake ni cha salamu. Nikatafsiri. Wakamwuliza kwa nini alimwacha mgonjwa. Aliangalia mikono yake, akajibu neno moja: "Nilikosa."

Nikasema: "Narakosheje." Wazee walikuwa wameshatikisa vichwa kabla sijafungua mdomo, neno lenyewe linafanana na la kwao. Mchungaji akamsifu kwa kukiri bila kujitetea. Hatashiriki Meza ya Bwana mpaka Pasaka, na atakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, wanakokaa walio chini ya adhabu.

Kikao kifupi. Nilirudi kwenye cherehani yangu nimeridhika.

Alhamisi, 6 Machi

Maman Zawadi ameleta sare ya binti yake, imechanika kwapani. Hakuondoka. Akasema: "Papa Neema, we unajua luga zao. Banasema nitubu. Nitubu nini? Zawadi alikuwa na homa kali, nikamupeleka ku santé, kwa munganga. Mbele ya kwenda nilitafuta muntu wa kubakia na Mukecuru. Nilipita milango ine. Nilikosa."

Nilikosa. Alitafuta, hakupata. Ndicho alichojibu barazani, nami nikamgeuza mkosaji. Kwa Kiswahili neno hilo lina maana zote mbili. Kinyarwanda hakina ile ya kutafuta usipate. Kila mtoto anajua. Mimi mtafsiri nilisahau.

Au sikusahau. Sijui. Niandike yote, hapa hakuna anayesoma. Mlango mmoja kati ya ile minne ni wangu. Jumamosi ile saa tisa alasiri nilisikia hodi yake. Maman Neema alikuwa ameshashika kitenge chake aende. Nikamzuia. Kesho yake mchungaji alikuwa anakula kwetu, nani angepika? Nikamtuma mke wangu mlangoni aseme haiwezekani.

Maman Zawadi hakuutaja mlango wangu. Si barazani, si leo. Baada ya kuondoka nilishona mguu wa suruali ya mteja ndani nje.

Ijumaa, 7 Machi

Mchungaji alitufundisha: ukitaka kujua lililo haki, soma Neno, omba, tafuta shauri la wazee.

Nimesoma. Kila ukurasa niliofungua ulisema nisichotaka, nikafungua mwingine. Nimeomba, lakini nilikuwa nampa Mungu jibu, kazi yake iwe kuitikia tu. Nikaenda kwa mzee mmoja wa baraza, nikamwuliza kwa kuzungukazunguka. Akasema mama mwenyewe amekubali, Pasaka si mbali, tusivuruge amani ya kanisa. Nilifurahi sana. Furaha hiyo ndiyo iliyonitisha.

Jumapili, 9 Machi

Alikuwa benchi la nyuma. Watu walipita bila kumpa mkono. Mahubiri ya leo: kumshuhudia jirani uongo. Nikatafsiri kila neno kwa sauti nzuri, naye akanisikiliza kwa makini, kama mtu anayetafuta kosa lake humo.

Mimi ni mwoga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Maman Neema kwamba bado naomba Mungu anionyeshe. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Papa Neema, we unatafuta jibu, ama unatafuta mulango ya kutokea?"



Jumanne, 11 Machi

Nimesema mbele ya baraza. Niliwaeleza neno lile, maana zake mbili, na kwamba nilichukua moja na kuiacha nyingine. Ningeweza kuishia hapo. Kosa la lugha, wangenisamehe kabla ya chai. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kutabasamu. Lakini akauliza: hao waliomkatalia ni kina nani?

Nikasema wengine siwajui. Mmoja ni mimi.

Mchungaji aliniuliza kama ni kwa ajili ya chakula kile alichokula kwangu kesho yake. Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Ndipo nilipoelewa kwamba nimemuumiza na yeye.

Adhabu ya Maman Zawadi imeondolewa. Yangu ni ileile aliyokuwa nayo, na kazi ya kutafsiri ndiyo basi. Nilidhani ningejisikia mwepesi. Najisikia aibu tu.

Jumapili, 6 Aprili

Meza ya Bwana. Nilikaa benchi la nyuma. Anayetafsiri sasa ni mwalimu wa shule, msichana mpole. Alikwama kwenye neno moja, watu wakageuka kunitazama. Nililijua. Nikanyamaza, akalipata mwenyewe.

Maman Zawadi alikwenda mbele, akapokea mkate. Sikuthubutu kumtazama usoni. Aliporudi alilipita benchi lake la kabla ya adhabu, akaja mpaka benchi langu mlangoni.

"Hodi, Papa Neema. Usogee kidogo."

Nikasogea.